Maziwa ya Korosho na Kikaratasi cha Frijini

Kazini walimwita Bi Kipimo, na jina lilimkaa. Mwanamke anayepima hata chumvi ya kuchemshia yai moja, utamwitaje? Kwa miezi minane alikuwa akihangaika na maziwa ya korosho ya kiwanda chao, ambayo yakikutana na chai ya moto tu, yanakatika mabonge. Dawa aliipata: kimeng'enya, unga kidogo unaokatakata protini ya korosho vipande vidogo ili itulie ndani ya chai. Ila kimeng'enya nacho ni kama mkasi mkononi mwa mtoto, hakijui kuacha. Baada ya saa moja lazima maziwa yachemshwe ili kife, la sivyo kitakata mpaka maziwa yawe machungu kama shubiri. Baridi ya friji hukipunguza kasi tu.

Mkurugenzi alishasema: jaribio la asubuhi hii ndilo la mwisho. Likishindikana, mradi unafungwa na yeye atafute kazi pengine.

Sasa mkurugenzi alikuwa mezani, anamimina maziwa kwenye chai yake, na Bi Kipimo akafungua daftari. Palipoandikwa "Kuchemsha" hapakuwa na alama. Roho ikamruka. Jana friji ya maabara iliharibika, dereva wa gari la wafanyakazi akapiga honi, naye akakimbia na chupa nyumbani bila kuchemsha. Akaiweka frijini na kubandika kikaratasi: MTU ASIGUSE. Mtu mwenyewe, tusifichane, alikuwa mama mkwe wake. Basi kimeng'enya kimekata usiku kucha!

Alitaka kusema "Usinywe!" lakini alichelewa. Mkurugenzi akakoroga, akachungulia kikombe, akanywa. Akanywa tena.

"Hayajakatika," alisema. "Na ule uchungu wa jaribio lililopita umeenda wapi? Dada, umetuweza. Jumatatu tunaanza kuyatengeneza."

Bi Kipimo alitoka mpaka kwenye korido, akapiga simu nyumbani.

"Mama, yale maziwa yangu..."

"Niliyagusa, mwanangu, nisamehe," mama mkwe alimkatiza. "Ulipofika tu ukaingia kuoga, nikayachemsha mpaka yakafura, nikayapoza, nikayarudisha kwenye chupa yake. Nani analaza maziwa mabichi? Ila umeuziwa mbuzi kwenye gunia, hayana hata utando wa malai juu!"

Bi Kipimo alicheka, akalia, akacheka tena akiwa ameegemea ukuta. Mzigo wa miezi minane ulimshuka mabegani palepale. Kisha akarudi kwenye daftari akaandika: "Kuchemsha: mama mkwe, mpaka yakafura."

Jioni, kabla hata ya kuvua viatu, alikwenda frijini akakibandua kile kikaratasi. Mama mkwe alisimama kando ya jiko, akisubiri kugombezwa.

"Mama, kesho nakuja na chupa nyingine."

"Nisiiguse?"

"Ichemshe," alisema Bi Kipimo.