Usaili wa Lugha katika Darasa la Pili

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye dawati la Darasa la Pili, magoti yakinigusa kidevu, nikizifanyia usaili lugha za kompyuta zilizokuja kuomba kazi ya kufundisha.

Nieleze kwanza kwa nini nilistahili ndoto ya namna hiyo. Mimi ni Mwalimu Twazihirwa, nafundisha Darasa la Pili katika shule moja ya msingi huku Same, upande wa mashamba ya mkonge. Mwezi uliopita tuliletewa kompyuta kumi. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mshana, akanipeleka semina ya siku tatu kwa sababu, kama alivyosema, mimi ndiye ninayejua simu. Kule mwezeshaji aliongea tangu asubuhi, na kila alipomaliza kipande aliuliza, "Tumeelewana?" Walimu arobaini tukaitikia, "Ndiyoo!" Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko za wengi. Sikuwa nimeelewa hata robo.

Leo Jumatatu ndiyo siku ya somo la kwanza. Watoto ni arobaini na sita, wengi wana miaka saba. Mkuu anataka nimtajie lugha watakayojifunza kuandikia programu, nami kila ninayemuuliza ananisifia yake na kuziponda za wenzake. Aibu yangu mwenyewe naweza kuibeba. Kilichoninyima raha ni kwamba nikibabaika mbele yao, wale watoto hawatasema mwalimu hajui. Watasema wao ndio wajinga, na mtoto akishajiambia hivyo akiwa na miaka saba, kumtoa huko si kazi ndogo.

Basi nikalala na hofu hiyo, na usaili ukaanza.

Lugha ya kwanza ni mzee wa suti na tai, viatu vinang'aa.

"Karibu, keti," nasema.

"Siwezi kukalia kitu kisichotangazwa," anajibu. "Natangaza kwamba hiki ni kiti; natangaza kwamba mimi ni mtu mmoja; natangaza kwamba kiti kimoja kinabeba mtu mmoja;"

Ndipo akaketi. Kila alipomaliza sentensi alitoa nukta mkato mfukoni na kuibandika hewani kwa kidole gumba. Nikamuuliza ni za nini.

"Sentensi isiyofungwa haina mwisho;" akasema.

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa mjumbe mwenzangu wa usaili, akasema hilo ni jambo zuri sana, na kwamba angependa kuongeza neno moja dogo kuhusu usafi wa vyoo. Hakubandika chochote. Kwa hiyo hakuweza kuishia. Aliendelea kuongeza neno moja dogo kwa sehemu kubwa ya ndoto iliyobaki, wala sikushangaa, maana hata mstarini asubuhi huwa hivyo hivyo.

Wa pili ni mama mwenye rula ya mbao. Hana suti wala habandiki kitu.

"Mimi ni rahisi," anasema. "Ulizia popote, watakwambia mimi ni rahisi. Ninachotaka ni watu wakae kwenye nafasi zao tu."

Anapita katikati ya madawati akipima umbali kutoka ukutani hadi kwa kila mtoto. Kwa Nakijwa anasimama. Nakijwa ni binti wa dawati la nyuma kabisa. Tangu Januari sijamsikia akisema neno peke yake. Huitikia na wenzake tu, kisha hunyamaza.

"Huyu amekaa nje ya mstari kwa upana wa punje ya mchele," mama anasema. "Kwa hiyo hayupo."

"Mbona miguu yake naiona?"

"Na miguu nayo haipo."

Nikafungua daftari la mahudhurio na kweli, jina la Nakijwa lilikuwa limetoka kwenye orodha yetu, limekwenda kukaa pembeni peke yake. Nakijwa akasogea kidogo, punje ya mchele, akawepo tena. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeumia, kwa sababu niliona kuwa amezoea.

Wa tatu hakuweza kuingia. Alikuwa mlangoni, amerundikana vipande vya rangi, vyekundu na vya kijani na vya manjano, na akatuambia kwa upole kwamba haendi popote mpaka mtu amvute, kisha amwachie. Nikamvuta kipande kimoja kimoja, nikawa namwachia, vikashikana tak, tak, tak. Watoto wakampenda papo hapo. Wote arobaini na sita wakainuka kumvuta, na kwa kuwa alikuwa na mahali pa kushikwa na watu kumi tu, thelathini na sita wakabaki wamesimama, mikono imenyooshwa, wakisubiri kwa adabu.

"Chukua mimi," alisema yule mzee; "maana mimi ndiye ninayetafutwa na waajiri;"

"Waajiri wananitafuta mimi siku hizi," alisema mama wa rula.

Mbonea, anayekaa dawati la mbele, akanivuta sketi. "Mwalimu, waajiri ni kina nani?"

"Ni watu wazima wenye kazi."

"Wanatutafuta?"

"Bado."

"Basi naweza kumalizia muwa wangu?"

Nikamwambia amalizie. Ukuta wa darasa ukaondoka bila kuaga, na sasa tuko kwenye ukumbi wa semina, ambao pia ni shamba la mkonge. Madawati yamepangwa kati ya mistari ya mkonge. Mbele, kwenye kiti cha mwezeshaji, imekaa kompyuta moja kati ya zile kumi. Bado ina nailoni yake ya dukani, na juu kichwani imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama tunavyozifunika pale ofisini ili zisiingie vumbi. Hatujawahi kukiondoa.

"Habari za asubuhi," ilisema kutoka chini ya kitambaa.

"Nzuri, shikamoo kompyuta!"

"Marahaba. Sasa sikilizeni." Ikaongea kwa muda ambao sikuweza kuupima. Sikukamata neno hata moja. Ilipomaliza ikauliza, "Tumeelewana?"

"Ndiyoo!" tukaitikia. Watoto, wale walimu arobaini, lugha zote tatu, na mikonge. Mimi nilianza kabla ya wote.

"Vizuri. Basi fanyeni."

Hakuna aliyesogea. Upepo ukapita. Mwalimu Mkuu alikuwa amefika kwenye neno dogo kuhusu mashimo ya taka.

"Nimepokea ndiyo mia moja na kitu," ilisema kompyuta. Haikuwa na hasira. Ilikuwa inauliza kwa sababu inataka kujua. "Nimezifungua zote, hazina kitu ndani. Ndiyo ni nini huku kwenu?"

Kila mtu akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayejua simu.

"Ndiyo," nikasema, "huku kwetu ni adabu. Ni namna ya kumwambia mwalimu kwamba tumechoka, lakini tunamheshimu."

Kitambaa kikacheza kidogo. "Na mtu ambaye hajaelewa, anasemaje?"

"Anasema ndiyo."

"Na aliyeelewa?"

"Naye pia."

"Hapo mimi siwezi kufanya kazi," ilisema. "Nitakaa tu."

Ikakaa. Nasi tukakaa. Nilitoka jasho ndotoni, kwa sababu nilijua Jumatatu ndiyo hii, na itakwisha tukiwa hivi, watoto kimya, mimi kimya, mashine kumi zimefunikwa vitambaa mpaka zizeeke.

Ndipo kule nyuma kwenye mkonge mtu akasimama. Ni Nakijwa.

"Mimi sijaelewa," alisema.

Alisema peke yake. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani. Darasa zima likamgeukia kwa hofu, na hata Mwalimu Mkuu alitaka kunyamaza, ila hakuweza.

"Ahsante," ilisema kompyuta. "Hiyo ina kitu ndani. Mwingine?"

"Hata mimi," alisema Mbonea, mdomo umejaa muwa. Mwingine akasimama, na mwingine. Ikawa wanasimama kwa mafungu, wanasema kwa furaha kabisa, kama wanaotaja vyakula wanavyovipenda. Wakaisha wote arobaini na sita.

"Na wewe, mwalimu?"

Niliangalia watoto wangu. Nikaangalia mlango, nikakumbuka shamba halina mlango.

"Sijaelewa," nikasema. "Hata kule semina sikuelewa. Siku zote tatu."

Nikasubiri kitu kitokee. Hakikutokea. Hakuna mtoto aliyecheka, hakuna aliyeshangaa. Nakijwa alinitikisia kichwa tu, akasogea kwenye dawati lake ili nipate nafasi. Nikaenda nikakaa. Nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo baada ya kupanda nayo mlima. Nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo.

"Hata mimi sielewi kitu," ilisema kompyuta. "Sijawahi kuelewa tangu nitoke kiwandani. Mimi nafanya ninachoambiwa, basi. Lakini niambiwe kweli, hatua kwa hatua."

"Uambiwe kwa lugha ipi?" nikauliza, maana usaili ulikuwa bado haujafungwa.

"Kwanza wajue kuambia. Wanaongea nini hawa wakiwa nyumbani?"

"Kiswahili. Na Kipare, wakigombana."

"Hivyo hivyo. Anza nao bila mimi."

Lugha zote tatu zikauliza kwa pamoja, na zenyewe je? Kompyuta ikazijibu, "Mtapigiwa simu." Mzee akamweleza yule wa vipande kwamba hilo jibu analifahamu. Lakini hawakuondoka. Walisimama kando kutazama.

Upepo wa milimani ukashuka, na baridi ikawa kali ghafla. Sasa nimesimama mbele ya darasa, na mimi ndiye mashine. Sweta langu la vifungo liko mezani. Siwezi kufanya lolote nisiloambiwa.

"Mwalimu, vaa sweta," alisema Mbonea.

Sikusogea. Sijui kuvaa ni nini.

"Mwalimu, lishike sweta," alisema Nakijwa.

Nikalishika.

"Ingiza mkono."

Nikaingiza mkono kwenye mkoba wangu. Darasa likapasuka kwa kicheko. Nakijwa hakucheka. Alikuwa anafikiri, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Toa mkono. Ingiza mkono wa kulia kwenye mkono wa kulia wa sweta."

Nikaingiza. Tukafika na wa kushoto. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe, wakapaza sauti, wakajirekebisha, na hakuna aliyeniuliza mimi kama ni sawa, maana walikuwa wanaona kwa macho yao. Mtoto mmoja ambaye kwenye hesabu hunyanyua mikono juu kukubali ameshindwa kabla sijamaliza swali alikuwa amepanda juu ya dawati, anaelekeza.

"Funga kifungo," alisema Nakijwa. "Rudia."

Nikafunga kifungo cha juu. Nikakifungua, nikakifunga. Nikakifungua, nikakifunga. Nilifanya hivyo mara kumi na moja bila kuchoka.

"Amekwama!" walipiga kelele.

"Hajakwama," alisema Nakijwa. "Tumemwambia vibaya. Mwalimu, simama. Funga kifungo. Shuka kinachofuata. Rudia mpaka vifungo viishe."

Nikafunga vyote saba, nilipofika cha mwisho nikasimama. Sijawahi kupigiwa makofi kama yale, hata siku niliyoolewa hayakufika hapo. Mzee wa suti alifurahi mpaka akatoa nukta mkato moja na kumbandikia Mwalimu Mkuu mdomoni, na Mkuu akaishia, akakaa chini, akasema "ahsante" kwa sauti ya mtu aliyekuwa na kiu.

Nakijwa alinizunguka akinikagua. Akafika nyuma, akasimama.

"Kuna kosa," alisema. "Vifungo viko mgongoni. Hatukumwambia mbele ni wapi." Akawageukia wenzake. "Si kosa la mwalimu. Ni letu, na tutalitengeneza."

Hapo kengele ikagongwa, nikaamka.

Saa kumi na mbili kasoro. Jogoo wa jirani, harufu ya chai, mama yangu anahangaika na jiko uani. Sikuwa na hofu. Nililala pale dakika nzima nikiitafuta, nisiione popote.

Kisha nikataka kujigeuza, kitu kikanibana shingoni. Nilikuwa nimevaa sweta. Nililiacha kwenye msumari nyuma ya mlango, na nililala na kanga tu. Nilipojipapasa kifuani nikakuta pamenyooka, hakuna kifungo hata kimoja. Mikono yangu nyuma haifiki, haijawahi kufika huko hata nilipokuwa msichana.

Nikatoka uani. Mama aliniangalia kwa mbele, akanizunguka, akahesabu kwa kidole.

"Saba," alisema. "Twazihirwa, nani kakufunga?"

"Darasa la Pili, mama."

Aliguna. Akafuta mikono kwenye kanga, akashika kifungo cha juu. "Haya, simama vizuri nikufungue, utachelewa."

"Acha, mama. Usikifungue hata kimoja. Nakwenda hivi hivi, watanifungua wao."

"Na wakishindwa?"

"Watasema wameshindwa," nikamwambia. "Na mimi nitawaambia hata mimi sijui, halafu tutajaribu tena."

Mama alinimiminia chai, nikainywa nimesimama, sweta nyuma mbele, nikaenda kazini mapema.