Chai ya Picha

Wacera aliingia chumba cha kompyuta wakati wa mapumziko, kikombe cha chai mkono mmoja, fimbo nyeupe mkono wa pili. Mwaka huo wa 1999, chuo chao cha uhazili mjini Nyeri kilikuwa kimepata tovuti, na noti zote za masomo zilihamia humo. Moffat, fundi wa kompyuta, aliziweka kama picha, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu picha ni safi na hakuna haja ya kupiga chapa upya.

Wacera alikuwa kipofu. Mtihani ulikuwa wiki iliyofuata, na akianguka angerudi kijijini Giakanja kuchuma kahawa ya mjomba.

"Nisomee hata ukurasa mmoja, Moffat."

"Wacera, si unaona niko na kazi?"

"Sioni."

Moffat alicheka, kisha akainamia kazi yake.

Wacera akaketi. Kwao, mgeni haulizwi habari kabla ya kupewa chai. Alikisukuma kikombe hadi kikagusa kioo cha kompyuta. Chai ikapungua taratibu, kama inavyopungua mbele ya mzee wa kanisa. Ukurasa wa kwanza ukakohoa, ukaanza kusoma.

"Ati inakunywa?" Moffat aliuliza.

"Inakunywa."

"Basi usimwagie kibodi. Hiyo si ya mama yako."

Tangu hapo Wacera alibeba thamosi. Noti za hatimkato zilipenda tangawizi. Za uwekaji hesabu zilikunywa bila sukari, zikasoma mbio mbio kama watu wenye safari.

Ijumaa wakaja wafadhili. Bwana Theuri, mkuu wa chuo, aliwaonyesha picha iliyofungua tovuti: Wacera mwenyewe, vidole kwenye kibodi, akitabasamu, na chini yake maneno kwamba chuo hakimwachi mtu nyuma. Kwa adabu, Wacera akaimiminia chai. Picha ikanywa, ikapangusa mdomo.

"Mimi ni Wacera," ikasema kwa sauti ya Wacera. "Niliambiwa nitabasamu. Kompyuta hii haijawashwa. Ile programu ya kusoma kwa sauti mliyotuma iko kwa kabati ya mkuu, nyuma ya kombe la voliboli. Bado iko na nailoni yake."

Wageni wakatikisa vichwa. Mmoja alisema chai ilinukia vizuri. Bwana Theuri akawashukuru, akawapeleka kula nyama.

Jumatatu, thamosi ya Wacera ilichukuliwa mlangoni. Chai ilikuwa imepigwa marufuku, na tangazo lilikuwa kwenye tovuti, kama picha.

"Chai ni ya wafanyakazi," Bwana Theuri alimweleza kwa upole. "Picha hatujaziandika kazi, msichana wangu."

"Na ile programu, Mwalimu?"

"Hiyo ni mali ya wafadhili. Ikiharibika tutawaambia nini?"

Siku ya mtihani maswali yalikuwa kwenye kompyuta, kama picha. Wacera alikaa mbele yake, na picha ikakaa mbele ya Wacera, wote wawili kimya, midomo mikavu. Wenzake waligonga vibonye pande zote. Kisha Moffat akaja na kamera.

"Tabasamu kidogo, Wacera. Ni ya tovuti."

Akatabasamu.

Jioni hiyo picha mpya iliwekwa mahali pa ile ya zamani. Waliopita karibu na dirisha la chumba cha kompyuta waliisikia ikilamba midomo, wakaenda zao nyumbani kunywa chai.