Kunguni wa Saa Kumi na Mbili

Makala ya Daktari Germana Haonga kuhusu kunguni wa kahawa, wadudu wanaofyonza buni changa, ilikuwa imenukuliwa na watafiti wenzake mara mia moja themanini na saba. Idadi hiyo mkuu wa kitengo aliitaja mara tatu kwenye sherehe ya kumuaga, na kila alipoitaja watu walipiga makofi. Germana alitabasamu, akashukuru, akala pilau lake. Moyoni alijiona mwizi.

Wiki iliyofuata, Machi 2014, alishuka basi Vwawa, akapanda bodaboda mpaka Hasamba kwa Ferista Nzowa. Mkobani alibeba makala yake ya mwisho, ambayo alikuwa hajaituma. Alitaka jina la Ferista likae juu kabisa, pamoja na lake, kama mwandishi mwenzake. Lakini kwanza ilibidi akiri kosa la zaidi ya miaka ishirini, na hakujua kama baada ya hapo angekaribishwa tena katika nyumba ile.

Kosa lilianza mwaka 1992. Germana, msomi mbichi aliyetoka chuoni juzijuzi, alihesabu kunguni kwenye mibuni ya Hasamba msimu mzima, akapata wa kuhesabika kwa vidole. Alihesabu saa nne asubuhi, kwa kuwa gari la mradi wa utafiti lilifika saa nne, watu wakishakunywa chai. Akaandika kwamba hakuna tatizo, huku buni changa zikipukutika mbele ya macho yake! Ferista, mjane mwenye mibuni mia tatu, alimtazama siku kadhaa, uvumilivu ukamwishia.

"Mdogo wangu, saa nne wameshapata joto, wamejificha. Njoo saa kumi na mbili asubuhi, wakati wana baridi."

Kesho yake Ferista alitandika kanga kuukuu chini ya mbuni, akautikisa. Wakadondoka kunguni kumi na wawili, wamekufa ganzi.

"Wakizidi wawili kwa mti, napiga dawa. Wakiwa pungufu, sipigi."

Makala nzima ilijengwa juu ya kanga ile. Mwishoni, penye shukrani, Germana aliandika "wakulima wa Hasamba", basi. Aliogopa wakubwa wangemuuliza huyo Ferista ana shahada gani.

Sasa alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni kwa Ferista, na mwenyeji wake anachambua maharage kwenye ungo.

"Dada, nimekula jasho lako," alisema, na akaeleza yote bila kujipunguzia. "Wanataja jina langu mpaka ng'ambo, na kazi ni yako."

Ferista aliweka ungo chini. Germana akaanza kuuvuta mkoba wake taratibu, tayari kuondoka.

"Na mimi nina langu," Ferista alisema. "Ulipoondoka niliwafuata wanaume wa chama cha ushirika, nikawaambia wahesabu alfajiri, kwa kanga. Wakanicheka. Mmoja wao, Osea, akauliza mjane amesomea wapi wadudu. Nikaona isiwe tabu, nikasema si mimi, ni Daktari Germana kasema. Wakanyamaza hapohapo! Haikupita wiki, kanga ya mke wa Osea ikawa chini ya mbuni."

"Lakini mwaka ule sikuwa daktari."

"Udaktari nilikupa mimi, chuo kikafuata. Tangu siku ile kila kitu nakusingizia wewe. Matandazo, kupogoa, hata kunawa baada ya kupiga dawa. Mpaka Igamba huko wanasema daktari kasema. Umesema mengi wewe, na mengine nilikosea."

Germana alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, naye hakukizuia. Alikuwa amekuja kuomba msamaha, kumbe kwa miaka yote hiyo mwanamke huyu alikuwa akimpa heshima asiyoifanyia kazi. Alishukuru kwa sauti, mara mbili, tatu, akiwa ameishika mikono yenye vumbi la maharage.

Kisha akatoa ile makala, akaomba ruhusa. Ferista alijifuta mikono kwenye kanga, akataka kuonyeshwa mahali hasa ambapo jina lake lingekaa. Akaweka kidole pale, akakiacha.

"Na hao wasomi wako, wakibisha?"

"Nitawaambia Ferista kasema."