Bawaba za Mzee Ayoub

Mzee Ayoub Kanuti alipotimiza miaka themanini na moja, na daktari kumwambia kwamba moyo wake umechoka, alikwenda kuagiza sanduku lake la kuzikiwa. Fundi aliyekuwa akiwatengenezea Wakristo wa Mkunazini alikwishahamia bara, kwa hiyo kazi akampa Talib, fundi wa milango, mwenzake wa kucheza dhumna kwa miaka thelathini.

Binti yake Felisita, mwalimu wa kemia, hakutaka hata kulisikia. Si kwamba alikuwa mwoga. Alizoea kusema lile tu analoweza kulithibitisha, na tangu kaka yake Benedikti auawe kwa kisu kwa kukataa kupitisha mzigo wa magendo bandarini, aliona hakuna tena la kuthibitisha. Mashahidi waliingiwa na woga, kesi ikafutwa. Felisita alikuwa akikutana na mmoja wa waliomuua kaka yake sokoni Darajani, na mtu huyo humwamkia kwa adabu. Kanisani, watu wakikiri kwamba Kristo atakuja kuhukumu, Felisita alifunga mdomo. Baba yake, aliyefundisha dini kwa nusu karne, aliliona hilo kila Jumapili. Kufa hakukumtisha. Kumwacha binti yake bila tumaini ndiko kulikomtisha.

Jumamosi moja asubuhi akamwomba amsindikize. Wakatoka nyumbani Michenzani polepole, wakipumzika kila kwenye kivuli, mpaka karakanani kwa Talib.

Sanduku lilikuwa la mvule, limepigwa msasa na vanishi hadi linang'aa. Talib alilifunua kama mtu anayemfungulia mgeni mlango wa sebule. Felisita akainama. Kifuniko kilikuwa na bawaba tatu upande mmoja na komeo upande wa pili.

Akauliza za nini. Talib alishangaa kuulizwa. Jeneza la msikiti wao humpeleka maiti kaburini, likafunuliwa, maiti akatolewa, jeneza likarudi kumngoja mwingine. Kifuniko cha misumari kingewatia watu taabu mbele ya kaburi. Hata komeo amelifanya jepesi.

Felisita akamweleza kwamba wao huzika pamoja na sanduku. Talib akazitazama zile mbao nene, kisha akamgeukia mzee.

"Yaani kazi yote hii inakwenda chini, haitoki tena?"

Mzee Ayoub akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika meza ya kurandia, na Felisita akamvutia kigoda.

"Inatoka, bwana," alisema alipopata pumzi. "Dini yangu umeifahamu kuliko mapadri. Iache hivyo hivyo."

"Nikiiacha watanicheka. Watasema Talib hajui sanduku la Kikristo."

"Watakucheka mpaka siku ya kufufuka. Halafu ntawacheka mimi."

Kisha akaacha mzaha. Alimwambia Felisita kwamba yeye ndiye atakayemzika, basi na aamue yeye, bawaba au misumari. Akisema misumari, hatanung'unika.

"Benedikti tulimpigilia misumari kumi na minane," alisema Felisita. "Niliihesabu."

"Misumari haimshindi Mungu. Na kesi yake haijafutwa, mwanangu. Hakimu hajafika tu."

Felisita akalizunguka sanduku. Baba yake hakuwa mtu wa kujidanganya. Ndiye aliyemwosha Benedikti damu kwa mikono yake, na wiki ile ile alisimama mbele ya watoto akawafundisha habari za Pasaka, sauti isitetemeke. Huo nao ulikuwa ushahidi, na Felisita hakuwahi kuuweka kwenye mizani.

Akafunga kifuniko, akakifungua, akaikwangua bawaba moja kwa ukucha.

"Hizi za chuma."

Talib akakiri. Za shaba zimeadimika siku hizi.

"Zitafute. Chuma kitaliwa na kutu ardhini, na hatujui atangoja muda gani."

Mzee Ayoub akamtazama binti yake. Talib akachukua bisibisi na kuanza kuzifungua zile za chuma.