Mgongo wa Mama Mkwe

Mwaka wa tisini na moja, pale Nyamirambo, hakuna aliyepeleka kitambaa kwa Gahongayire akaondoka bila kusomewa sifa za mkwewe. Usumani! Mtoto wa mtaa huu huu, akasomea udaktari Butare, akaenda Brussels kusomea upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, na Wazungu walipomwomba abaki, akawakatalia. Watu waliletwa kwake wamebebwa, wakatoka kwa miguu yao. Mama aliyasimulia hayo akikanyaga cherehani, kichwa juu, utadhani kisu alikishika yeye.

Kisha mguu wake wa kulia ukagoma. Maumivu yalianzia kiunoni yakashuka hadi kisiginoni, na punde unyayo ukashindwa kusukuma pedali. Akalazwa. Usumani alipoziona picha hakuzunguka: diski moja kati ya pingili za mgongo ilikuwa imechomoka, inabana mshipa wa fahamu. Wakichelewa, mguu haurudi tena.

"Sasa nani atanipasua?" Gahongayire aliuliza.

Yasmina, bintiye, akainamisha kichwa. Mpasuaji wa migongo hospitalini pale alikuwa mmoja tu, naye ni mumewe.

"Mukwe wangu aone mgongo yangu? Yewe Yasmina, heri nikufe na hii mguu!"

Hakuwa anatania. Tangu amwoe Yasmina, Usumani hakuwahi kula mbele ya mama huyu wala kumpa mkono. Walisalimiana kila mmoja akitazama chini. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe, na Gahongayire aliionea fahari kuliko hata shahada za Brussels. Akajifunika blanketi, akageukia ukutani, akalia. Aliogopa, na kuogopa kulimtia hasira.

Asubuhi yake mtu mwenye joho la kijani, kofia, na kitambaa kilichomficha pua na mdomo akasimama mlangoni pa wodi.

"Mama, mimi ni dogoteri. Mukwe wako nimemuacha inje na bibi yake. Wewe utalala kifudifudi, utafunikwa yote. Mimi nitaona fasi kama kiganja tu."

Gahongayire alimtazama yale macho kwa muda mrefu.

"Na yeye hataingia?"

"Hataingia, mama."

"Basi, dogoteri, fanya kazi yako."

Siku aliyorudi nyumbani, majirani walijaa uani. Usumani alikuwa amesimama kando ya ukuta, uso wazi, macho chini, kama mkwe yeyote. Gahongayire aliikataa fimbo, akavuka ua polepole, akaketi kwenye cherehani, akakanyaga. Gurudumu likazunguka. Majirani wakapiga vigelegele.

"Mukwe," alisema, akitazama pembeni, "ule dogoteri unamujua?"

"Namujua, mabukwe."

"Umwambie mguu iko inakanyaga. Na umwambie, ningekuwa na binti mwingine, ningemupa yeye."

Usumani akainama zaidi, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nitamwambia, mabukwe."