Maji ya Kutema

Kishindo kilitangulia, kizito, kama mtumbwi uliodondoshwa mchangani. Bati likalia kwa kitambo, kisha yakabaki mawimbi. Nehemia alikuwa bado kitandani, ila hakuhitaji kutoka nje ili ajue: ukuta wa kanisa jipya ulikuwa umeingia ziwani.

Alifurahi. Alijua ni dhambi, akafurahi hivyo hivyo, akavaa shati taratibu.

Mwaka uliopita wazee wa kanisa waliwafukuza wajane wa Kagunga ufukoni walikoanika dagaa, wakachimba msingi palepale. Mama yake, Melania, alikuwa mmoja wa wajane hao. Tangu hapo wanaanika juu ya mawe ya mlimani, na kunguru hushiba kabla yao. Nehemia alisimama ibadani akawakumbusha Yeremia, aliyewaambia watu wa Yerusalemu kwamba kulitaja hekalu la Bwana kila siku hakutaliokoa hekalu, maadamu wanawaonea wajane. Wakamtosa Yeremia shimoni kwenye matope, na mji ukateketea vilevile. Akamaliza kwa kusema ziwa litaingia hadi madhabahuni. Mzee Gervasi, mwenyekiti wa wazee, akamuuliza kama nabii ameshajipatia mtumbwi wa kukimbilia. Kanisa zima likaangua kicheko.

Asubuhi hii hawakucheka, wala hakuna aliyesema Mungu alionya. Walijaa uani kwa Melania wakidai kijana wake amelifunga jengo kwa kinywa, na kinywa kilichofunga ndicho hufungua: achote maji ya ziwa, ayashike mdomoni, ayateme mbele ya watu. Asipotema, Melania asionekane kwenye misiba yao, nao hawatakanyaga kwenye wake.

Nehemia aliwajibu kuwa Yeremia hakuichoma Yerusalemu. Neno likitimia, hiyo ndiyo alama ya aliyelituma. Kutema ni kukiri uchawi na kumfanya Mungu mwongo.

“Vitabu unavijua,” Gervasi akasema. “Ila jeneza la mama yako utalibeba peke yako?”

Melania alimvuta mwanawe nyuma ya jiko. Alikuwa bado hajalia.

“Mwana wanje, mwanangu, huyo Yeremia alikuwa na mama?”

“Alikuwa naye. Alimwambia, ‘Ole wangu, mama, kwa kuwa umenizaa.’”

“Basi mimi usiniambie hivyo. Najua ulisema kweli, nilikuwepo. Lakini nataka kuzikwa na watu.” Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Nehemia akashuka ufukoni, umati nyuma yake. Akachota kwa kiganja, akayashika mdomoni maji yenye ladha ya saruji, akayatema. Wanawake wakapiga vigelegele. Walioshindwa kumtazama usoni walimpigapiga mgongoni kama mtu aliyepona degedege.

Gervasi alimshika mkono, akamshukuru, na kabla hajauachia akawaonyesha watu mlimani kwa fimbo yake. Kanisa litajengwa kule, alisema, kwenye mawe ya wale wajane, maana huko ziwa haliwezi kufika.

Watu wakaitikia amina. Melania naye alifumbua midomo aitikie, ikagoma.

Nehemia akautoa mkono wake.

“Mzee Gervasi,” alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mitumbwini, “nakuahidi mbele ya mama yangu. Siku mtakapoweka jiwe la kwanza kule, nitasema tena. Na safari hiyo, hata akilia, sitatema.”