Mzigo Kituoni

Mpiga pasi wa hospitali alikuwa mtu wa salamu. Kila asubuhi, akiwa kituoni na gongo lake la kutembelea kwapani, basi litokalo mjini lilipita upande wa pili wa barabara, dereva akawasha taa mara mbili, naye akampungia mkono. Moyo ulimkunjuka. Katika mji ambao hata jirani hukupita kama hakuoni, kumbe wapo madereva wanaomjua.

Lililomtia tabu ni basi lake mwenyewe, la kwenda mjini. Lilikuja, likapunguza mwendo kidogo kama linalofikiri, kisha likamwachia vumbi. Dereva alinyoosha kidole nyuma: linakuja jingine. Hilo jingine lilikuja limejaa, na mtu wa mguu mmoja mzima hawezi kugombea mlango. Msimamizi wa chumba cha kufulia alikwisha kumwambia, wala hakupandisha sauti, kwamba akichelewa tena pasi yake itashikwa na mtu mwingine. Wenye kuitaka wako getini tayari.

Jioni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alipita kumjulia hali. Shemeji huyu aliendesha mabasi hayohayo mpaka macho yalipomkatalia. Mpiga pasi akamwaga malalamiko yake yote, kisha akasema afadhali wale wa upande wa pili, wana adabu, humsalimia kwa taa. Shemeji akacheka mpaka chai ikampalia.

"Hao hawakusalimii wewe, shemeji. Wanamwambia mwenzao anayekuja kwamba kituoni kuna mzigo."

"Mzigo gani?"

"Wewe."

Akaeleza bila haya. Mzee, kiwete, mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, wote wanakula muda. Kampuni humkaripia dereva kwa kuchelewa. Kwa kuacha watu haimkaripii. Hakuna ubaya, akasema, ni kazi tu. Mpiga pasi akamwondolea kikombe kabla hajamaliza.

Asubuhi akamwomba muuza mboga wa pale kituoni amfichie gongo nyuma ya matenga. Yeye akaegemea nguzo, mkoba begani, kama mwenye miguu yake yote. Basi la upande wa pili likapita kimya, bila taa. La kwake likasimama, mlango ukafunguka mbele ya pua yake. Akashika chuma cha mlango. Ndipo muuza mboga alipomletea gongo.

Dereva, kijana wa sauti ya upole, akamwambia mama angoje la nyuma, lina nafasi.

"Hilo la nyuma nalingoja tangu mwaka jana, mwanangu."

Abiria wakaanza kunung'unika, na waliyemnung'unikia ni yeye, si dereva. Bwana mmoja mwenye tai akasema watu wana kazi zao, mama aachie mlango. Mpiga pasi hakuachia. Akawaeleza maana ya zile taa, taratibu, kama anayeelekeza njia. Akamalizia kwa bwana mwenye tai: hata yeye ana kazi, na akiachwa leo hana tena.

Kisha mwanamke aliyepakata mtoto kiti cha mbele akamgeukia dereva.

"Na mimi na huyu, ni taa ngapi?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kumfurahisha dereva. Akatazama usukani. Hakuna aliyesema tena mama aachie mlango. Bwana mwenye tai akainuka, akapokea gongo, akampa mkono. Kupanda kwenyewe kulikuwa kufupi kuliko ule ubishi.

Kazini msimamizi alitazama saa ya ukutani, akarudi kwenye mashuka yake. Mpiga pasi akachomeka pasi. Ilipokuwa inapata moto, akamuuliza mwenzake wa meza ya pili, yule mjamzito ambaye naye alikuwa ameonywa kwa kuchelewa, husubiri basi kituo gani.

Akatajiwa.

"Kesho nitakuja hukohuko," akasema. "Tutashika mlango wawili."